Kadi ya Ndani na Amplifaya ya Nje

Liko swali moja ambalo vijana wanaopenda muziki huulizana sana, nami nimelisikia likiulizwa mbele yangu zaidi ya mara moja: mtu anayetaka kusikiliza vizuri kwa hedifoni kutoka kwenye kompyuta anunue kitu gani? Anunue kadi ya sauti aipachike ndani ya kompyuta, au anunue amplifaya ndogo ya hedifoni aiweke mezani? Anayeuliza hivyo huvidhani vitu hivyo viwili kuwa ndugu wa tumbo moja wanaogombea urithi. La hasha. Kila kimoja kilizaliwa mahali pake, kwa haja yake, na kwa miaka mingi havikujuana kabisa. Mwenye kuijua historia hiyo hapati shida kubwa kuchagua, na asiyeijua huenda akatoa fedha zake kununua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kwanza tutenganishe kazi mbili, maana hapo ndipo wengi hukanganyikiwa. Ndani ya kompyuta sauti haipo. Zipo namba tu. Katika santuri ndogo ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ya muziki hukatwa vipande 44,100 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila kipande hupewa namba moja kati ya namba 65,536 zinazowezekana. Sikio halisikii namba. Hapana budi namba hizo zigeuzwe kuwa wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kazi ya kugeuza. Lakini wimbi hilo likishapatikana huwa dhaifu, na kuusukuma utando wa hedifoni kunahitaji nguvu. Hiyo ndiyo kazi ya pili, kazi ya kukuza. Kadi ya sauti iliundwa hasa kwa ajili ya kazi ya kwanza. Amplifaya ya hedifoni iliundwa kwa ajili ya kazi ya pili peke yake.

Hedifoni ni kongwe kuliko zote mbili. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, aliipelekea jeshi la wanamaji la nchi yake hedifoni alizokuwa akizitengeneza kwa mikono jikoni mwake. Wanamaji walizijaribu, wakaziona ni bora kuliko walizokuwa nazo, wakaagiza. Kazi yake ilikuwa ya polepole, na mteja wake alikuwa jeshi zima! Wakati huo redio nyingi za kusikilizia hazikuwa na betri wala umeme wa kuongeza sauti. Nguvu yote iliyotikisa utando wa hedifoni ilitoka kwenye wimbi la redio lenyewe lililonaswa na waya mrefu uliotundikwa nje. Kwa hiyo hedifoni za zamani zilisukwa kwa waya mwembamba sana, zenye ukinzani wa maelfu ya omu, ili zitosheke na nguvu kidogo mno. Mabaharia walisikiliza alama za simu ya upepo, ti-ta-ti, wala hawakuhitaji uzuri wa sauti.

Uzuri wa sauti ulikuja baadaye. Mwaka 1937 kampuni ya Beyer ya Berlin ilitoa hedifoni iliyoitwa DT 48, iliyofanya kazi kwa koili na sumaku kama spika ya kawaida iliyofanywa ndogo. Mwaka 1958 John Koss, wa mji wa Milwaukee huko Marekani, alitoa hedifoni za stereo za kusikilizia muziki nyumbani. Tangu hapo amplifaya kubwa za sebuleni zikaanza kutobolewa tundu la hedifoni upande wa mbele. Tundu hilo kwa kawaida halikuwa na amplifaya yake. Mafundi walichukua nguvu iliyokusudiwa spika kubwa, wakaipunguza kwa vizuizi, wakaielekeza masikioni. Nguvu ilikuwepo tele, kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba hedifoni ingeweza kukosa nguvu.

Tatizo lilianza watu walipotaka kutembea na muziki. Sony ilipotoa Walkman mwezi Julai 1979, ilikuwa kashani ndogo ya kaseti iliyotumia betri mbili ndogo tu. Betri mbili ni volti tatu, na volti tatu hazina mbio ndefu. Walkman ile ya kwanza, nakiri inanifurahisha, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Waundaji wake waliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia peke yake na muziki. Huku kwetu mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza, kisha wakajadiliana kuhusu vyoo na maji ya kunywa. Miaka sita tu baadaye dunia ikaanza kuzoea kusikiliza kila mtu na lake. Sisemi kipi bora. Yapo mambo yanayotaka kikundi, na yapo yanayotaka mtu mmoja kwenye chumba tulivu, kama nitakavyoeleza.

Sasa tuje kwenye kompyuta, na hapa naomba msomaji avumilie, maana hadithi hii ni tamu. IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mezani mwezi Agosti 1981, mashine ile ilikuwa na kispika kimoja tu ndani, cha kupiga mlio wa kumwonya mtumiaji. Ilinunuliwa na ofisi kwa ajili ya hesabu na barua, na karani hahitaji ngoma. Waliohitaji ngoma walikuwa wacheza michezo na watu wa muziki. Mwaka 1987 kampuni ya Ad Lib ya Quebec, Kanada, iliyoanzishwa na Martin Prével, aliyekuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu, ilitoa kadi iliyopachikwa ndani ya kompyuta ikaweza kuiga sauti za vinanda na filimbi kwa chipu ya Yamaha. Ilikuwa kadi ya muziki hasa. Haikuundwa ili irudishe sauti ya mtu akizungumza.

Upande mwingine wa dunia, Singapore, kijana aitwaye Sim Wong Hoo alikuwa amefungua duka la kutengeneza kompyuta mwaka 1981, na baadaye kampuni yake ya Creative ikajitosa katika sauti. Mwaka 1989 ilitoa kadi iliyoitwa Sound Blaster. Ilifanya yote yaliyofanywa na kadi ya Ad Lib, kwa chipu ya aina ileile, ikaongeza mawili: iliweza kutoa sauti iliyorekodiwa, hata ya binadamu, na iliweza kurekodi. Juu ya hayo ilikuwa na tundu la kuchomeka usukani wa michezo, kitu ambacho zamani mnunuzi alikilipia mbali. Ad Lib ilifilisika mwaka 1992, na mwaka huohuo Creative ikatoa Sound Blaster 16, kadi iliyofikia kipimo cha CD. Kwa miaka kadhaa iliyofuata mtu aliyetaka kompyuta yenye sauti aliuliza kama ina Sound Blaster, kama vile sisi tunavyouliza taa ya chemli au jiko la mchina bila kujali nani amelitengeneza. Sim Wong Hoo alifariki Januari 2023.

Jambo moja katika kadi zile za mwanzo linastahili kukumbukwa katika mjadala wetu. Sound Blaster ya kwanza ilikuwa na amplifaya ndogo ndani yake, na mgongoni ilikuwa na gurudumu dogo la kuongezea sauti. Kwa maneno mengine, mwanzoni mgeuzaji na mkuzaji walikaa nyumba moja. Waliachana baadaye, spika za mezani zilipokuja na amplifaya zake zenyewe, na kadi ikabaki na kazi ya kugeuza.

Kisha ikaja zamu ya kadi yenyewe kunyang'anywa kazi. Mwaka 1997 Intel ilitoa utaratibu ulioitwa AC'97, uliowawezesha watengenezaji kuweka chipu ndogo ya sauti kwenye ubao mkuu wa kompyuta kwa gharama ndogo sana. Sauti yake haikuwa ya kujivunia, lakini ilikuwa karibu na bure, na bure haina mpinzani. Mwaka 2004 utaratibu mwingine bora zaidi ukachukua nafasi hiyo. Na Windows Vista ilipoanza kuuzwa madukani Januari 2007, ilifunga njia ambayo michezo ilikuwa ikiitumia kuipelekea kadi moja kwa moja kazi ya kuchanganya sauti. Tangu hapo kadi ya ndani imekuwa kitu cha wachache.

Adui mwingine wa kadi ya ndani ni jirani zake. Sanduku la kompyuta ni kama soko. Humo mna feni, mna kinu cha umeme kinachowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, mna kadi ya picha inayonywa umeme kama ngamia. Wimbi dogo la sauti linapopita katikati ya vurugu hizo huokota takataka. Msikilizaji husikia mvumo, au mchakacho mwembamba unaobadilika kila asogezapo kipanya. Kadi nzuri hujengwa kwa kinga dhidi ya hayo, na zipo zilizo tulivu kabisa. Lakini katika kompyuta za bei ya chini balaa hilo ni la kawaida.

Amplifaya ya hedifoni ina historia fupi zaidi. Mwaka 1992 Tyll Hertsens alianzisha kampuni ya HeadRoom katika mji wa Bozeman, jimbo la Montana, kwa ajili ya kutengeneza na kuuza amplifaya za hedifoni peke yake, wakati watu wengi hawakujua kwamba kitu hicho kinahitajika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chu Moy alichapisha mchoro wa amplifaya ndogo ya betri ambayo mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu angeweza kuijenga, na wanafunzi wa nchi nyingi wakaijenga ndani ya kopo la peremende. Huo ndio ufundi ninaoupenda, unaogawiwa bila kufichwa.

Amplifaya hiyo iliponya ugonjwa gani? Ugonjwa wa hedifoni kubwa kuunganishwa na mashine ndogo. Hedifoni za simu huwa na ukinzani wa omu 16 au 32, na hutosheka na volti kidogo. Lakini ziko hedifoni za studio zenye omu 300, kama Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997, na nyingine zenye 600. Hizi ukizichomeka kwenye simu au kompyuta ndogo, sauti hutoka ikiwa ya mgonjwa, hata ukifungua hadi mwisho. Upo pia ugonjwa wa kinyume chake: tundu lenye ukinzani mkubwa likilishwa hedifoni yenye ukinzani mdogo, mizani ya besi na sauti za juu huweza kupotoka. Mafundi husema ukinzani wa tundu usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Zaidi ya magonjwa hayo amplifaya haina muujiza. Ikipokea mvumo itautoa mvumo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Nimeyachunguza haya kwa sababu yalinihusu. Mwaka 1978 wanachuo wa ualimu niliokuwa nikiwafundisha walitumwa vijijini katika mkoa wa Tabora kurekodi masimulizi ya wazee. Kaseti 14 kati ya zile ziliokoka, nami ninazo. Katika mojawapo yumo mzee aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 80 hivi, anayesimulia habari za baba yake, mpagazi aliyekwenda Bagamoyo na kurudi akibeba mizigo kichwani, miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mzee anayataja majina ya kambi, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio walivyolala. Majina matatu yalikuwa hayasikiki. Palikuwa na kuku, palikuwa na mtoto akikohoa, na juu ya yote palikuwa na uchakavu wa utepe wenyewe. Walioshiriki mazungumzo yale wote wamekufa, isipokuwa binti wa mzee huyo, ambaye sasa amepita miaka 90. Kwa hiyo sikuwa na muda wa kubahatisha, na pensheni ya mwalimu haina mifuko miwili.

Fundi mmoja wa redio, kijana mwenye heshima, aliniambia, "Shikamoo Mwalimu. Wewe nunua amplifaya, utasikia mpaka pumzi za huyo mzee." Mjukuu wangu akapinga: "Babu, amplifaya itakuza mvumo wa hiyo kompyuta yako kuukuu. Tuweke kadi." Niliwasikiliza wote wawili, kisha nikawauliza swali la kimwalimu: kaseti itaingiaje kwenye kompyuta? Wakanyamaza.

Hapo ndipo historia iliponisaidia. Amplifaya ya hedifoni ina mdomo lakini haina sikio. Haiwezi kuingiza chochote kwenye kompyuta. Kadi ya sauti, tangu ile ya mwaka 1989, ina vyote viwili. Na hedifoni zangu ni za omu 32, hazikuwa na njaa ya nguvu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa na ugonjwa, wala si hedifoni. Ile niliyokuwa nayo ni ya mkono wa pili, na tundu lake la kurekodia lilivuma kama nyuki.

Lakini je, kadi lazima ikae ndani? Hili swali lilikwisha jibiwa na waya wa USB, uliotangazwa mwaka 1996. Kwa waya huo namba hutoka nje ya sanduku zikiwa bado namba, na namba haziokoti mvumo kirahisi kama wimbi. Kazi ya kugeuza hufanyika mezani, mbali na feni na kinu cha umeme. Vifaa vingi vya aina hii vina mgeuzaji na mkuzaji pamoja, kama ilivyokuwa kwa Sound Blaster ya kwanza, na vingine vina tundu la kuingizia sauti. Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye simu yake ya iPhone 7 mwaka 2016, ilitoa kijiwaya cha kuunganishia, na ndani ya kijiwaya hicho mlikuwa na mgeuzaji na amplifaya, vyote katika nafasi isiyozidi ukucha. Basi ule ugomvi wa ndani na nje, kwa watu wengi, ulikwisha bila wao kujua.

Nilinunua kifaa cha nje cha USB chenye tundu la kuingizia la stereo na tundu la hedifoni. Nawaambia wanaonifuata: soma karatasi yake kabla hujalipa. Vingi vya bei ndogo vina tundu la maikrofoni tu, la upande mmoja, na ukilichomekea redio kaseti sauti huja imepasuka.

Hata hivyo, kilichosaidia kuliko kifaa hicho kilikuwa bisibisi. Yule fundi alipoambiwa kwamba tatizo ni utepe, alifungua redio kaseti, akakisafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, kisha, kaseti ikiwa inacheza, akazungusha kidogokidogo skrubu inayokilaza kichwa dhidi ya utepe. Kila mashine hurekodi kwa mlalo wake, na kaseti ikichezwa kwenye mashine ya mlalo mwingine, sauti za juu hufifia. Nazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na t. Alipofika mahali fulani mzee akawa kama ametoa kitambaa mdomoni. Pamoja na hayo, mlio wa ssss wa utepe ulibaki palepale, na hautaondoka kwa amplifaya wala kwa kadi.

Lilikuwapo pia sikio lenyewe. Katika umri wangu sauti za juu zimekwisha kupungua masikioni, na kishawishi ni kuongeza nguvu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima. Nilikuwa nikisikiliza nusu saa asubuhi, kabla magari hayajaanza kupita, kisha navua.

Kaseti zote 14 sasa zimo kwenye kompyuta, na nakala ziko mahali pengine pawili. Katika majina matatu nilipata moja peke yangu. Mwezi uliofuata tulikwenda kwa yule mama, mjukuu akabeba kompyuta ya mkononi na kile kifaa. Alipovishwa hedifoni alishtuka, akazivua, akauliza, "Mwalimu, yuko wapi?" Tukamweleza, akakubali kuvaa tena. Alisikiliza orodha yote mara nne, mkono juu ya meza, akalitaja jina la pili bila kusita, na akanisahihisha lile la kwanza, ambalo nilikuwa nimeliandika kwa herufi moja pungufu. La tatu alisema hajawahi kulisikia likitajwa, ila yuko mpwa wake Nzega ambaye alilelewa na mzee huyo, huenda yeye akalijua. Tumemwandikia.